Dakika Mbili za Ukimya Ukiwa Safarini: Mwongozo Kamili kwa Abiria wa Novemba na Mei

Kila ikipita tarehe 11 Novemba, siku ambayo Uingereza hunyamaza dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani, hadithi ninazosimuliwa na ndugu waliokuwa njiani siku hiyo hufanana. Mmoja aliburuta sanduku katikati ya ukumbi uliosimama kimya, akidhani watu wanasikilizia tangazo la ndege iliyochelewa. Mwingine alikuwa na nia safi kabisa, ila alisimama saa kumi na moja jioni, peke yake, saa sita baada ya wenzake kumaliza. Wa tatu simu ilimlilia mfukoni.

Wote walitaka kuwaheshimu waliokufa vitani. Waliangushwa na vitu vidogo: saa, simu, mzigo na mahali pa kusimama. Ndiyo maana nimeandika haya hatua kwa hatua. Yanamhusu hasa abiria anayepita Uingereza tarehe 11 Novemba au Uholanzi tarehe 4 Mei, maana huko ndiko wengi wetu tunakokutwa. Nchi nyingine chache zenye utaratibu wa pekee nimeziweka mwishoni.

## Vitu vya kuwa navyo

- Saa ya mkononi iliyorekebishwa kwa saa za mahali ulipo. Saa ya kawaida ya mishale inatosha.
- Kadi ya kupandia ndege iliyochapishwa kwenye karatasi, kwa sababu nitakuomba uzime simu.
- Kitu cha kumtuliza mtoto kisicho na mlio: biskuti laini, chupa ya maziwa, kitambaa anachokipenda.
- Jina la mtu mmoja unayemkumbuka, au la kundi moja la watu. Liandike kwenye karatasi ukipenda. Utaona sababu yake kwenye hatua ya sita.

Ua jekundu la karatasi ambalo Waingereza hulibandika kifuani si lazima. Ukilitaka, linunue mapema kwa wanaokusanya michango na ulibandike kabla ya saa yenyewe.

## Hatua ya 1: Jua ni ukimya upi, kisha geuza saa

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Uingereza hunyamaza kwa dakika mbili tarehe 11 Novemba, saa 11:00 ya kwao. Hunyamaza tena Jumapili ya pili ya Novemba, saa hiyohiyo, siku ya ibada kubwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Whitehall, London. Hizo kwa kawaida ni siku mbili tofauti, na safari yako inaweza kuangukia mojawapo au zote mbili.

Uholanzi hunyamaza tarehe 4 Mei, saa 20:00 ya kwao, nayo ni dakika mbili. Wengi wetu tunaotoka Kilimanjaro, Dar es Salaam au Nairobi tunapitia Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, na jioni hiyo hutukuta tumekaa tunasubiri ndege ya pili.

Sasa geuza. Saa 11:00 kwenye ubao wa uwanja wa ndege ni saa tano asubuhi. Si saa kumi na moja. Nalikazia kwa sababu mtu anayewaza kwa Kiswahili akiona "11" haraka haraka, ulimi unamwambia kumi na moja, na kumi na moja kwetu ni jioni. Saa 20:00 ya Uholanzi ni saa mbili usiku, ingawa mwezi Mei jua huwa bado lipo. Usisubiri giza.

Kama uko nyumbani au angani na unataka kunyamaza pamoja na wenzako walioko huko, tumia hesabu hii:

- Saa tano asubuhi ya London mwezi Novemba ni saa nane mchana Dar, Nairobi na Kampala. Ni saa saba mchana Lubumbashi, Kigali na Bujumbura. Ni saa tisa alasiri Muscat.
- Saa mbili usiku ya Amsterdam mwezi Mei ni saa tatu usiku Dar, Nairobi na Kampala.

Ufaransa nayo huiadhimisha tarehe 11 Novemba, ni sikukuu ya kitaifa, lakini saa yao iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Ukiwa kwenye treni ya London kwenda Paris siku hiyo, saa tano ya Ufaransa hupita kwanza, kisha ya Uingereza. Fuata saa ya nchi ambayo magurudumu yako ndani yake.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kumwambia mwenzako kwa sentensi moja, "Tutanyamaza saa tano asubuhi ya hapa, na nyumbani itakuwa saa nane mchana," bila kuhesabu vidole.

## Hatua ya 2: Zima simu, usiishie kuiweka sailenti

Miaka michache iliyopita nilikuwa nasubiri sanduku langu kwenye uwanja mmoja wa London. Tangazo likatoka, watu wakasimama. Mkanda wa mizigo ulikuwa umesimama pia, na ukumbi ule mkubwa ukawa kimya kiasi cha kusikia taa zikivuma. Mbele yangu mzee wa Kiingereza alikuwa amevua kofia yake, ameishika kifuani kwa mikono miwili, na vidole vyake vinatetemeka.

Simu yangu ikalia. Nilikuwa nimeiweka sailenti, tena kwenye hali ya ndege. Lakini ilikuwa ni kengele niliyoitega ya kumeza dawa saa nane mchana. Sikuwa na rominga na simu ilikuwa haijabadilisha majira, kwa hiyo yenyewe ilijua bado iko Dar. Saa nane ya Dar ni saa tano ya London. Ililia sekunde kumi hivi kabla sijaipata chini ya koti. Yule mzee hakugeuka. Ningefurahi kama angegeuka nikamwomba radhi kwa macho.

Nililojifunza ni hili: sailenti huzima mlio wa simu zinazoingia. Hali ya ndege hukata mtandao. Kengele uliyotega mwenyewe hupenya zote mbili kwenye simu nyingi. Hata ile hali ya "usisumbue" mara nyingi huiruhusu kengele ilie.

Fanya hivi, dakika kumi kabla:

1. Futa au zima kengele zote zilizotegwa, pamoja na za swala na za dawa.
2. Zima simu kabisa. Kama huwezi, itoe mtetemo, kisha iweke juu ya nguo laini ndani ya begi. Simu inayotetemeka juu ya meza au kiti cha chuma husikika mbali.
3. Vua saa janja au izime.
4. Toa hedifoni masikioni. Ukiwa nazo hutasikia tangazo, na muziki wake husikika na jirani.

Tahadhari: usimpigie mtu simu dakika tano kabla. Mama akishaanza kuuliza umekula nini, huwezi kumkatia. Mwambie mapema: "Mama, nitakupigia saa nane na robo ya huko." Atangoja.

*Umefaulu ikiwa:* ukiigusa simu haiwaki, na hakuna kitu mwilini mwako chenye uwezo wa kutoa mlio.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa kusimama kabla ya saa kufika

Kusimama ghafla popote ulipo kunaonekana ndiyo heshima. Ndani ya kiwanja cha ndege au stesheni kunaweza kuumiza watu.

Tahadhari kubwa: usisimame kwenye kichwa cha ngazi za umeme wala mwisho wa mkanda wa kutembelea. Mitambo hiyo kwa kawaida haizimwi kwa ajili ya ukimya. Inaendelea kuleta watu na masanduku nyuma yako, na watakuangukia. Ukikutwa humo, tulia ukiwa umesimama juu yake, shuka, piga hatua tano pembeni, ndipo usimame rasmi. Hakuna atakayekulaumu kwa hatua tano.

Mahali pazuri ni penye nafasi pembeni ya njia, karibu na ukuta au safu ya viti, pasipo karibu na mashine ya kahawa, vyoo vyenye vikausha mikono, au mlango unaojifungua wenyewe.

Kama ndege yako inapakia abiria karibu na saa tano, nenda ukae kwenye geti lako mapema kabisa. Unataka dakika mbili hizo zikukute ukiwa umefika, usiwe kwenye mbio za kuwahi. Nimeona watu wakilazimika kukimbia katikati ya ukumbi ulionyamaza kwa sababu geti lao liko mwisho wa jengo, na kwa kweli hawakuwa na la kufanya.

Kwenye barabara kuu za Uingereza magari hayasimami. Ukiwa unaendesha, usisimame barabarani. Ingia kituo cha mapumziko kabla ya saa, au nyamaza ukiendelea kuendesha na redio imezimwa. Uholanzi ni tofauti kidogo: tramu na mabasi mengi husimama, na madereva wengi hujiweka pembeni. Ukiwa ndani ya basi lililosimama tarehe 4 Mei usigonge kioo kumuuliza dereva kuna nini.

*Umefaulu ikiwa:* dakika tatu kabla ya saa, umesimama mahali ambapo mtu anaweza kukupita bila kukugusa.

## Hatua ya 4: Tua mzigo, vua kofia, mshike mtoto

Sanduku la magurudumu manne huteleza lenyewe kwenye sakafu yenye mteremko kidogo. Lilaze ubavu, au libane kati ya miguu. Begi la mgongoni lishushe chini taratibu, usilitupe.

Wanaume wavue kofia za kawaida: kapelo, kofia za sufu za baridi. Baraghashia, kilemba, hijabu, na chochote unachokivaa kwa imani yako kinabaki mahali pake. Anayevua baraghashia kwa kuona Wazungu wamevua kofia zao amejivua heshima asiyoombwa kuivua.

Mikono iache ishuke pembeni, au ishikane mbele. Usiiweke mfukoni. Usipige saluti kama wewe si askari.

Mtoto mdogo mpe biskuti dakika moja kabla, asiwe na hamu ya kuongea. Aliyefika umri wa kuelewa mwambie mapema: "Tutasimama kama sanamu, mpaka nikukamate bega." Akilia katikati, mbebe na usogee pembeni polepole, ukimpapasa mgongo. Usimkaripie. Sauti ya mtoto husamehewa na kila mtu; sauti ya mzazi anayegomba ndiyo inayokera.

Wazee, wajawazito na wenye maumivu ya miguu wakae. Kukaa kwa utulivu ni sawa na kusimama. Ndani ya ndege, kila mtu abaki kitini na mkanda wake, hata rubani akitangaza ukimya.

## Hatua ya 5: Saa ikifika, tulia kabisa

Dalili ya kuanza si moja kila mahali. Kwenye viwanja na stesheni kubwa za Uingereza huwa ni tangazo la vipaza sauti. Penye ibada nyingi rasmi, tarumbeta hulia kwanza wimbo wa kuwaaga askari, kisha kimya kinaingia. Uholanzi pia tarumbeta hutangulia saa mbili kamili. Mahali pengine hakuna tangazo lolote: unaona tu muuza duka ameacha kupanga chupa, na watu wanasimama mmoja mmoja. Ndiyo sababu nilikutaka uwe na saa ya mkononi.

Ukimya ukianza, acha ulichokuwa unafanya hata kama kimebaki kidogo. Usimalizie kufunga zipu. Usimalizie sentensi. Kwenye foleni ya uhamiaji, nafasi ikiachwa mbele yako iache; ofisa atakuita mwenyewe. Lakini ofisa wa usalama akikuambia sogea, sogea, bila kumjibu kwa maneno.

Dua na sala ni kwa moyo. Ukitaka kufanya ishara ya msalaba au kuinua viganja, fanya kimyakimya.

Usipige picha. Hata simu isiyo na mlio, ukiinyanyua juu, inawageuza walio katika majonzi kuwa mandhari yako.

Na uchukulie kwa uzito jinsi sauti moja inavyosambaa. Tarehe 4 Mei 2010, katika uwanja wa Dam mjini Amsterdam, mtu mmoja alipiga ukelele katikati ya ukimya. Umati ukadhani kuna shambulio, watu wakakimbia ovyo, na makumi wakaumia. Kwenye ukumbi wa abiria wengi, kupaza sauti ghafla ni hatari kweli. Ukiona dharura ya kiafya, mwendee aliye karibu, mshike mkono, mwambie kwa sauti ya chini. Usipige kelele isipokuwa maisha ya mtu yanaitegemea.

*Umefaulu ikiwa:* unaanza kusikia vitu ambavyo hukuvisikia awali, kama feni za dari, pumzi zako na kikohozi cha mtu aliye mbali.

## Hatua ya 6: Jaza dakika hizo na mtu

Wanaonyamaza bila kuwaza chochote huanza kutapatapa baada ya sekunde thelathini. Macho yanazunguka, mguu unacheza. Dawa yake ni lile jina uliloliandika.

Mara nyingi naambiwa, "Hivi ni vita vyao, mimi namkumbuka nani?" Naomba nijibu kwa uwazi. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, na wengi wao walikuwa vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki. Walikuwa abiria, kama wewe ulivyo abiria leo, na hawakushuka.

Na kabla ya hao kuna wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, waliobeba risasi na unga kichwani kutoka pwani hadi bara wakafa kwa njaa na maradhi. Mnara wa Askari wa Nairobi unawaita miguu na mikono ya jeshi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo ukisimama London saa tano asubuhi, umesimama pia kwa ajili ya mtu wa Tabora au Machakos asiye na kaburi linalojulikana. Kama babu yako alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni), litaje jina lake moyoni, polepole, mara nyingi. Kama humjui yeyote, mkumbuke mpagazi mmoja: mzigo kichwani, mvua, matope. Dakika mbili zitatosha kwa shida.

Unaruhusiwa kulia.

## Hatua ya 7: Toka kwenye ukimya taratibu

Mwisho hutangazwa kwa tarumbeta, kwa tangazo, au kwa watu kuanza kusogea. Uholanzi hufuata wimbo wao wa taifa. Endelea kusimama mpaka uishe. Usiwe wa kwanza kuchukua mzigo. Hesabu hadi tano.

Usipige makofi. Kwetu makofi huhitimisha kila shughuli, na mkono unaweza kwenda wenyewe. Hapa hauendi.

Kisha vaa kofia, inua sanduku, washa simu. Huhitaji kumwambia mtu neno, ila jirani akikutikisia kichwa nawe mtikisie.

## Ukikutwa hujajiandaa

Umetoka chooni ukakuta watu wamesimama? Simama hapohapo mlangoni, pembeni. Unazungumza na simu? Kata, utaeleza baadaye. Umeshika kikombe cha kahawa ya moto? Kishike tu, usitafute meza. Kengele imelia? Iminye kwanza, usitafute kitufe sahihi, kisha inamisha kichwa na uendelee kusimama. Usiseme "samahani" kwa sauti. Ukichelewa kwa dakika nzima, hiyo moja iliyobaki ni yako pia.

## Nchi zenye utaratibu wa pekee

Israeli. Siku ya kuwakumbuka askari wao, king'ora hulia dakika moja saa mbili usiku, na dakika mbili kesho yake saa tano asubuhi. Magari husimama hata barabara kuu, na watu hushuka. Tarehe hufuata kalenda ya Kiebrania, kwa hiyo ulizia hotelini. Tahadhari ya uhai: king'ora cha kumbukumbu ni sauti moja iliyonyooka. Kikipanda na kushuka, hiyo ni hatari ya kweli. Kimbilia kwenye kinga.

Warsaw, Poland. Tarehe 1 Agosti saa 17:00, ving'ora hulia na mji husimama dakika moja. Hapa ndipo saa kumi na moja jioni ilipo sahihi.

Hiroshima na Nagasaki, Japani. Hiroshima ni tarehe 6 Agosti saa mbili na robo asubuhi. Nagasaki tarehe 9 Agosti saa tano na dakika mbili. Tarehe 15 Agosti nchi nzima hunyamaza saa sita mchana. Ukimya ni wa dakika moja.

Ieper, Ubelgiji. Kila jioni saa mbili usiku tarumbeta hulia chini ya Lango la Menin, lenye majina ya askari zaidi ya 54,000 wasiojulikana walipozikwa. Barabara hufungwa. Fika nusu saa kabla upate nafasi.

Tanzania. Mgeni wako akiwa nchini tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mweleze mapema kwamba mkuki na ngao vikishawekwa mnarani na tarumbeta likilia, atasimama pamoja nanyi. Mkumbushe pia kuhusu kengele ya simu yake, maana huenda bado iko kwenye saa za kwao.